Aliyeshikilia Bolti

Jumapili hiyo ya mwaka wa themanini na nane, baada ya ibada, Enos Wepukhulu alikuwa amelala chali chini ya Pijo yake, nyuma ya nyumba za kupanga za Nyamasaria, akipigana na bolti moja. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limetolewa na kuegemezwa ukutani, na gari lenyewe limekalia mawe, maana jeki ya Enos haikuwa ya kuaminika. Alitaka kubadilisha bushi, zile pete za mpira za mikono ya chini, ile inayoshikilia magurudumu ya mbele. Bolti tatu zilitoka bila maneno. Ya nne alikuwa ameilowesha kwa mafuta ya breki tangu Ijumaa, akaigonga kwa nyundo, akaipasha moto kwa makaa ya jiko, akachomeka bomba la maji kwenye mpini wa spana ili apate nguvu. Nati ilizunguka vizuri tu. Shida ni kwamba bolti nayo ilizunguka pamoja nayo.

Kazi ya namna hiyo inataka watu wawili, mmoja akamate kichwa cha bolti upande wa ndani, mwingine afungue nati upande wa nje. Maximilla, mkewe Enos, alikuwa ameenda Bungoma kwenye harusi. Kwa hiyo Enos alichomoza kichwa akamwita Dorca, jirani wa mlango wa pili.

"Mama Rosa, unaweza kunishikia spana kidogo?"

Dorca aliacha sufuria aliyokuwa anaisugua kwa jivu, akapangusa mikono kwa leso, akaingia chini ya gari. Usidhani alikuwa mgeni huko. Marehemu mumewe, Dishon, alikuwa dereva wa binamu yake Absalom, na karibu kila Jumapili alilaza gari la tajiri huyo uani akalitengeneza. Aliyemshikia spana miaka yote hiyo ni Dorca. Alijua kuiweka mpaka ing'ate, na alijua kugeuza uso ili kutu isimwingie machoni.

Aliiweka kwenye kichwa cha bolti. Enos akavuta. Hapo mkono mwingine ukashuka juu ya mkono wa Dorca, ukashika spana pamoja naye, ukaipeleka kule kule nati ilikokuwa inaenda. Ulikuwa mkono wa baridi, wenye grisi, na kidole gumba hakikuwa na ukucha. Dorca aliujua. Ukucha huo ulikatwa na feni ya injini mwaka waliooana, na aliyekifunga kidole kitambaa ni yeye.

"Dishon," alisema, "achilia. Mwenye gari anafanya kazi."

"Nikiachilia nitaenda wapi, Nyar Uyoma?" Dishon alimjibu, akimwita binti wa Uyoma kama zamani.

Enos akauliza kutoka upande wake kulikoni.

"Ni mume wangu," Dorca akamjibu. "Ndiye anayeizungusha."

"Ala, kumbe ndiyo maana," Enos alisema. Akaweka spana chini, akaenda kutafuta chai. Kwao Bungoma pia wafu wana shughuli zao, na mabega yalikuwa yanamuuma.

Sasa, ili mtu aelewe, ni lazima ajue Dishon alizikwaje. Katika ule mwaka wa ukame, miaka minne nyuma, Absalom alimjia Dorca asubuhi amevaa tai nyeusi. Akasema Dishon alitoka na wavuvi, mtumbwi ukapinduka, na ziwa limekataa kumrudisha. Mtu wa namna hiyo ana utaratibu wake. Ukoo ulikwenda ufuoni Dunga, ukayatazama maji na kumwita kwa majina yake yote, ukamwambia twende nyumbani. Kisha likachumwa yago, lile tunda refu, zito, linaloning'inia kwenye mti wake kama mguu wa ng'ombe buchani. Likaoshwa, likavishwa shuka nyeupe, likalazwa ndani ya jeneza, likazikwa kwao Seme, upande wa kulia wa nyumba ya Dishon. Dorca alililia mpaka sauti ikamkauka. Akanyolewa. Ulipofika wakati wake, wazee walimkabidhi kwa Absalom awe mrithi wake, kwa kuwa Absalom alikuwa na uwezo na alijitolea mwenyewe kabla hajaulizwa. Tangu hapo huja Nyamasaria kila Jumamosi jioni, hula, hulala, na asubuhi huondoka na shati lililopigwa pasi.

Dishon alieleza mambo kwa kifupi, vile dereva anavyoeleza kwa nini amechelewa. Mtumbwi hakupanda, Dorca mwenyewe alijua alivyoogopa maji. Gari alilokuwa akiendesha ni hili hili, wakati huo likiwa jeupe, kabla madalali wa Kisian hawajalinunua, wakalipaka rangi ya kijani na kumuuzia Enos. Bolti ya upande wa kulia ilikuwa imeliwa na kutu. Alimwambia Absalom, akamwambia tena, na Absalom akasema liende hivyo hivyo, samaki wake wa kuuza wanaoza. Kwenye kona kabla ya kufika Kisian bolti ikakatika, gurudumu likakimbia peke yake. Absalom alifika, akainama, akamtazama usoni, akawaambia polisi kuwa gari lake limeibwa, na kwamba maiti huyu hamjui. Basi Dishon akazikwa na wale wasio na wenyewe.

"Nilisikia mkiniita kule ziwani," alisema. "Mlikuwa mbali. Nikasema wacha wamalize huko, watakuja barabarani."

"Hatukujua, Baba Rosa."

"Najua. Basi nikashika hii ya pili, isije ikakatika nayo."

Hasira ilimpanda Dorca. Aibu nayo ilimshika, kwa sababu machozi yake yote aliyapa tunda.

Enos ni mtu mwenye roho safi. Alirudisha bushi ile ile ya zamani na gurudumu, na Jumamosi wakaondoka kumpeleka Dishon kwao Seme. Kwenye kona ya Kisian Dorca alishuka na tawi la majani mabichi, akaliburuta kando ya lami, akamwita mumewe mahali alipopaswa kumwita tangu mwanzo. Dishon alimjibu kutoka chini ya bodi kwamba yuko tayari. Kila walipofika daraja Dorca alimwambia, hapa ni daraja, tunavuka, roho yake isije ikabaki nyuma. Gari lilitulia barabarani kuliko siku zote, na Enos akasema kimoyomoyo kwamba bushi hiyo hataigusa tena.

Kwenye lango la boma injini ilizima.

"Siwezi kupita," Dishon alisema. "Kuna mtu amelala mahali pangu."

Wazee wakatoa viti nje wakavipanga mbele ya gari, chai ikaletwa. Absalom naye alikuwepo, kofia mkononi. Opiyo, mkubwa wa ukoo, aliinama kwa shida akatazama nyuma ya gurudumu.

"Dishon, ni wewe?"

"Ni mimi, Jaduong'."

"Tulikulilia sana."

"Nilisikia. Asanteni."

Dorca alisema alichokuja kusema, amesimama wima mbele ya wanaume. Yago lifukuliwe. Dishon alazwe mahali pake. Na Absalom asikanyage tena mlangoni kwake. Opiyo alimuuliza Absalom kama ndivyo ilivyokuwa.

"Ndivyo," Absalom alisema. "Ningesema namjua, ningefungwa. Na nyinyi mnajua ni nani anayesomesha watoto wa boma hili."

Wazee walikunywa chai yao. Walijua. Kisha Opiyo alieleza kwamba kaburi likifunguliwa halikubali kufungwa tupu, na aliyemo ni Dishon kwa njia zote: ameoshwa, ameliliwa, amechinjiwa ng'ombe, mjane wake amenyolewa na kurithiwa. Mtu mmoja hawezi kuwa na makaburi mawili kwenye boma moja. Dishon si mgeni wa mambo haya, akasema, ataelewa.

"Naelewa, Jaduong'," Dishon alisema.

Hilo ndilo lililomuuma Dorca kuliko yote. Alitaka mumewe apige kelele chini huko, atikise gari. Lakini Dishon alikuwa amelelewa vizuri. Absalom, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, aliwaombea safari njema, akataja matairi, breki na dereva. Injini ikawaka mara moja walipogeuza kurudi mjini.

Walifika Nyamasaria jua likizama. Enos aliliegesha gari ukutani, akaingia kwake. Dorca alimwekea Rosa chakula, akafunika kilichobaki mezani, kisha akatoka akatandika gunia chini ya gari na kulala hapo, mkono wake ndani ya mkono wa mumewe. Dishon aliuliza habari za shule ya mtoto.

Absalom alikuja kama kawaida, na shati lake la kesho kwenye mfuko wa karatasi. Aliona miguu ya Dorca ikitokeza.

"Dorca, hujambo? Mbona uko huko?"

"Niko na mume wangu."

"Sawa," Absalom alisema. Aliinama. "Dishon."

"Absalom."

Aliingia ndani. Walimsikia akinawa, akivuta kiti, akiomba baraka juu ya chakula. Walimsikia akimwambia Rosa akae vizuri. Halafu sahani ikasogezwa, na sauti yake ikatoka mlangoni ikiuliza chumvi inakaa wapi siku hizi.

Mkono wenye grisi ulimbana Dorca vidole mpaka vikauma.

"Nyuma ya redio," Dishon akamjibu.

Ilikuwa hapo hapo. Absalom akasema asante, akaendelea kula.