Kheri ya Bibi Harusi

Mimi kwa filamu za yule mtunzi mzee wa Kimisri ni mgonjwa, wala sifichi. Ilipoletwa Wete filamu yake ya mwisho, naye keshafariki, nilipita mtaani kwetu Jadida mlango kwa mlango kuwahimiza wanawake waje zanana, ile alasiri ya Alhamisi ambayo sinema huwa yetu peke yetu.

Kumbe Jumatano wanaume walishaiona, wakazomea. Mume wangu, Mbarouk, alitoka katikati, akasema mzee alikufa kesharukwa na akili. Ahmada, mwenye sinema, akaniambia wazi kwamba wanawake nao wakifanya fujo, zanana basi tena. Niliingia roho mkononi.

Filamu yenyewe ni bibi harusi anayetafuta chumba chake. Anafungua mlango, anakuta bahari. Anafungua mwingine, anakuta farasi anakula maua ya harusi. Hakuna wimbo, hakuna mchumba. Mimi niliiona tamu, lakini nyuma yangu miguno ilishaanza, na jirani yangu Siti akauliza kwa sauti kama nimewaleta kutazama wazimu. Nilitamani nimzibe mdomo kwa buibui lake mwenyewe.

Hapo Bi Mwanapili, mkunga wetu, ambaye kabla ya siku hiyo hakupata kuingia sinema maisha yake, akasema, "Kheri."

Watu wakamgeukia.

"Mwenzenu atuhadithia ndoto yake, nanyi mwamgunia. Mtu akikwambia kaota, wamjibu nini?"

Hilo sote tulifunzwa utotoni: anayehadithia ndoto huitikiwa kheri, ipate kuwa njema. Mlango mwingine ukafunguka, mvua inanyesha ndani ya kabati. "Kheri," wakaitika wachache. Farasi akapanda kitandani, na ukumbi mzima ukaitika kwa vicheko, Siti akitupita sote kwa sauti. Ahmada alichungulia akidhani tunavunja viti. Akatukuta na furaha zetu, akarudi zake akicheka.

Nyuma ya mlango wa mwisho palikuwa na kiti kitupu, kimeelekezwa kwetu. Vicheko vikakatika.

"Kheri, baba," akasema Bi Mwanapili taratibu, kana kwamba yule mzee marehemu amekaa pale. "Ushafika."

Nililia, na sijui kama nimepata kufurahi vile. Mlangoni Ahmada akatuambia Alhamisi ijayo ataionyesha tena.

Nyumbani Mbarouk akaniuliza kwa kejeli nimeona nini huko.

"Niliota," nikamwambia, "bibi harusi kafungua mlango."

"Kheri," akajibu papo hapo, bila kufikiri, akaweka kikombe chini asikilize.