Jionee Mwenyewe

"Nikiwapo mimi na rungu hili," Eliakimu aliwaambia madereva, akiligonga kwenye pipa, "hata kunguru hatui hapa bila kubisha hodi."

Hapa ni pale pa Bi Melania pa kuoshea magari, njia ya Kibirizi, hatua ishirini kutoka majini. Mwaka ule wa tisini na saba Wakongo walikuwa wakivuka ziwa kila siku kukimbia vita, na mji ukajaa magari meupe ya mashirika, ambayo yakirudi kutoka kambi za wakimbizi weupe wenyewe ulikuwa wa kuhadithiwa tu. Madereva wa magari hayo hawakutaka mkono wa mtu mwingine ukaribie redio zao. Bi Melania akaliona hilo mapema. Akanunua mashine ya kuvuta maji, akaiunganishia mipira mitatu, akaandikisha ukutani kwa herufi za kimo cha mtoto: JIOSHEE MWENYEWE. Dereva anaosha, Eliakimu anawasha mashine na kulinda. Kusema alijiongezea mwenyewe.

Na kusema alijaliwa. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na kwao Simbo aliaga kwamba jembe halitamwona tena. Kwa hiyo Bi Melania alipokwenda Ujiji kwenye matanga ya wifi yake, alijua pa kumkamatia. Alimpa ufunguo, akamwambia atarudi Jumatatu saa nane, saa ile ile ya magari ya shirika, na kwamba akikuta mambo yameharibika, basi Simbo si mbali na mihogo haijaisha.

Ilikuwa Jumamosi. Siku hiyo hiyo makondakta wawili wakaleta basi lao dogo. Eliakimu akalizunguka taratibu, akashika kidevu, akatamka kwamba gari hili halihitaji kuoshwa, linahitaji kuvishwa sanda. Madereva wote walicheka. Makondakta hawakucheka. Waliondoka bila kuosha, na mmoja aliutazama ukuta ule kwa muda mrefu.

Mwingine aliyekuwa akichezewa na ulimi ule ni Mariana. Yeye alivuka na watoto wake na shemeji yake Selestini, wakawa wanalala chini ya turubai ufukweni wakingoja zamu yao ya kupelekwa kambini. Maji ya ukingoni yalikuwa yamechafuka kwa wingi wa watu na mitumbwi, kwa hiyo kila asubuhi alikuja na ndoo, na Eliakimu akamjazia kwa mpira uliovuta maji ya mbali kidogo.

"Aksanti, kaka," Mariana husema.

"Hapa tunasema asante. Hiyo k yako iache ng'ambo, mama, haina kibali."

Akambatiza jina, Mama Aksanti. Mariana hucheka, na kesho yake huja tena na ndoo yake na k yake.

Jumapili kulikuwa na mechi Mwandiga. Eliakimu alijiambia atatazama kipindi cha kwanza tu. Akaifungia mashine kibandani, akachukua rungu lake, maana mlinzi haachi silaha, akaenda. Timu yake ikashinda, dada yake aliyeolewa huko akapika, na kulala kukawa ni heshima kwa mpishi. Jumatatu asubuhi alirudi akipiga mluzi, mikono yote miwili mfukoni.

Mluzi ulikatika kwenye kona.

Mipira ilikuwa imekatwakatwa kama miwa. Mapipa yamepinduliwa. Oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa kutoka kwenye injini, ilikuwa imepakwa sakafuni na ukutani mpaka palikuwa panang'aa. Halafu yale maandishi. Mtu alikuwa ameziziba herufi mbili kwa rangi nyeupe, akaandika moja nyekundu juu yake. SH haikuwapo tena. Ilikuwapo N.

JIONEE MWENYEWE.

Eliakimu alikiri moyoni kwamba mzaha ule ulikuwa mzuri kuliko wake wote wa mwaka mzima. Kisha akakaa chini kwenye jiwe, akaanza kuiona Simbo.

Hapo ndipo Mariana alipofika na ndoo. Alitazama ukuta, akamtazama yeye, akauliza ni nani aliyefanya haya. Eliakimu aliikumbuka ile sanda ya basi la makondakta, akainamisha kichwa. Mariana akaitua ndoo, akaondoka. Naye Eliakimu akaona ni haki. Nani akae na mtu aliyekwisha?

Lakini alirudi. Alikuja na Selestini na wanawake wawili wa turubai la jirani, wamebeba majivu ndani ya sufuria, matonge ya sabuni ya mawese, na chupa moja ya mawese yenyewe, mekundu, nusu yake. Mariana akamimina mawese kwenye kiganja, akaanza kuyapaka ukutani juu ya ile oili.

Eliakimu aliruka kutoka kwenye jiwe. Alimsihi asiongeze mafuta juu ya mafuta, kwamba tajiri yake atakufa kabla ya kumfukuza.

"Mafuta inafukuza mafuta," alisema Mariana bila kugeuka. "Leta mchanga, kaka."

Akaleta mchanga. Mawese yakailegeza oili, majivu yakainywa, mchanga ukaisugua, sabuni ikamalizia. Kila walipopasugua rangi ya zamani ilichungulia. Selestini, aliyezoea kushona nyavu, alichana tyubu kuukuu ya baiskeli vipande vyembamba, akaunga mpira wa kwanza, wa pili, wa tatu, akifunga kila kiungo kwa meno. Eliakimu alibeba ndoo. Alipiga magoti. Alisugua mpaka vidole vikachubuka, na hakuna aliyemsikia akifanya mzaha.

Ilipokaribia saa sita aliiona ile chupa imelala kando, tupu. Ndipo ikamjia kwamba yale hayakuwa mafuta ya kusafishia. Yalikuwa ya kupikia, na turubai halina duka.

"Mama," alisema, "kwa nini? Mimi nilikuwa nakucheka tu."

"Ulitupa maji."

"Maji ni ya ziwa. Ziwa ni la Mungu."

"Ndiyo," alisema Mariana. "Lakini mpira ulikuwa mkononi mwako."

Eliakimu aliinamia sakafu, akasugua mahali palipokwisha kung'aa.

Saa nane Bi Melania akafika. Sakafu ilikuwa nyeupe, mapipa yamesimama, mashine inanguruma. Ile N tu ndiyo iliyogoma kutoka. Eliakimu alimwamkia, akamweleza yote ya asubuhi bila kupunguza: Mariana, Selestini, majivu, mipira, na ile chupa ya mawese, ambayo aliapa kuilipa kwa chupa mbili. Angenyamaza hapo angekuwa mtu mwema. Ila Bi Melania aliuliza swali dogo: na yeye wakati mipira inakatwa alikuwa wapi?

"Hapa hapa, mama. Walikuja wanne. Wawili niliwalaza chini kwa rungu hili," akasema, akapeleka mkono nyuma ya pipa, mahali linapokaa siku zote.

Mkono ulipapasa, ukapapasa tena.

Gari la kwanza kati ya matano ya shirika lilikuwa limesimama. Dereva wake, Feliksi, alishuka akitabasamu kama mleta zawadi.

"Shikamoo mama. Eliakimu, rungu lako hili. Jana uliliacha Mwandiga, nyuma ya goli. Ulivyokuwa unashangilia, nilidhani umeliacha makusudi."

Bi Melania alisoma ukuta wake, neno la kwanza, neno la pili.

"Nimejionea," alisema. Akalipokea rungu kwa Feliksi, akampa Mariana. "Shika wewe, mama, mpaka siku gari la kambini litakapokuja. Chakula mtakula kwangu." Kisha akaokota tambara lililolowa, akamtupia Eliakimu. "Na wewe, magari yale matano hayajioshi leo. Utayaosha wewe."

Si Simbo. Ni tambara tu. Eliakimu alilidaka kwa mikono miwili kama mtu aliyedakwa yeye.

"Aksanti, mama," likamtoka.

Mariana aliegemea rungu.

"Hapa tunasema asante, kaka."