Simu ya Saa Nne

Madereva wenzake pale kiwanda cha mikate walimwita Taratibu. Miaka kumi na tisa alikuwa amesambaza mikate madukani bila kugonga hata kuku. Kila asubuhi alilizunguka gari, akakagua tairi, akafuta vioo vya pembeni, kisha akaifungia simu yake kwenye kidroo cha mbele.

"Huyu anaendesha gari au amebeba mayai?" wenzake walimcheka.

Jambo moja tu lilimfanya akitupie jicho kile kidroo. Mkewe alikuwa ng'ambo, akimtunza bibi kizee mgonjwa. Nafasi yake ya kupiga simu ilikuwa robo saa, saa nne asubuhi, bibi akilala. Jumapili nyumba ile ilijaa wageni, hakupata nafasi kabisa. Na siku za kazi, saa nne ilimkuta Taratibu kwenye barabara kuu, malori mbele, malori nyuma, hakuna pa kuegesha. Simu iliita mpaka ikanyamaza. Akifika kituo cha mafuta na kuzima injini, alikuta ujumbe wa sauti tu.

"Mume wangu, nimekukosa tena. Haya, nenda salama."

Aliusikiliza mara tatu, mara nne, paji la uso kwenye usukani. Ulikuwa mwezi wa saba hawajazungumza moja kwa moja.

Binti yao alipomaliza shule akapata leseni ya mwanafunzi, na meneja akakubali ajifunzie kwenye gari la mikate, baba yake akiwa pembeni. Alikuwa mwepesi wa kujifunza, ila hilo la simu lilimkaa rohoni.

"Baba, si upokee tu? Dakika moja!"

"Gari likitembea sipokei."

"Hata mama?"

"Hasa mama yako. Nikisikia sauti yake, barabara nitaiona tena?"

Binti akaitikia kwa kichwa. Lakini asubuhi iliyofuata, zamu yake ya kuendesha, aliificha simu yake chini ya paja. Alikuwa amemwandikia mama yake: *Leo nipigie mimi.*

Saa nne ilipofika, baba alikuwa ameinamia orodha ya maduka. Simu ikatetemeka. Binti akashusha macho, akaona neno "Mama", akapeleka mkono.

"Breki!" baba akapiga kelele, akiinua kichwa.

Akakanyaga kwa nguvu zote. Kreti zikaporomoka nyuma. Mbele yao mkokoteni wa magunia ulikuwa umesimama, na kati yake na bampa usingeweza kupitisha ndoo.

Mwenye mkokoteni akageuka. "We dada! Ulitaka nisagwe na mahindi yangu?"

Binti aling'ang'ania usukani. Simu, sasa sakafuni, iliendelea kuita. Taratibu akashuka, akamwomba radhi yule mtu, akamsaidia kusukuma mkokoteni hadi pembeni. Kisha akashika usukani mwenyewe. Akaendesha mpaka kituo cha mafuta, akazima injini.

"Nipige makofi basi, baba."

"Nikupige kwa lipi? Kumkumbuka mama yako?" Akakigusa kidroo cha mbele. "Na mimi namkumbuka. Kila siku natamani kukivunja hicho kidroo."

Jioni hiyo alifanya alichokuwa akikionea haya miezi yote saba. Aliingia ofisini, akamweleza meneja kila kitu, hata la mkokoteni, kisha akaomba mzunguko wake ugeuzwe, aanze na maduka ya mbali, ili saa nne imkute akishusha mikate sokoni.

Meneja akaitazama ramani ukutani. "Ni hilo tu? Mbona hukusema, ndugu yangu?"

Jumatatu, gari limeegeshwa, funguo mfukoni, simu ikaita. Taratibu akapokea.

"Umepokea!" mkewe akasema.

Taratibu alikuwa amepanga mengi ya kusema, yote yakamtoka kichwani. "Uko wapi hapo?" ndicho alichopata kuuliza.

"Jikoni. Nimekaa chini. Ongea, ongea chochote."

Akamhesabia kreti za mikate alizoshusha, duka kwa duka. Binti akasogeza sikio. Robo saa ikakatika, na mkataba wa kazi wa mama huko ng'ambo ulikuwa bado na miezi kumi na mmoja.

Binti alikuwa analia. Zamu ya kuendesha ilikuwa yake, lakini baba hakumpa funguo.

"Kaa kwanza. Ukitulia tutaondoka."

Wakakaa. Duka lililofuata walilifikia wamechelewa, na mwenye duka akawanunia.