Kola Zilizomtenga Pindo na Mdogo Wake

La, hakuiba, nani kakudanganya? Kosa la Pindo lilikuwa kufundisha watu wengi, basi. Kile kiwanda cha mashati, fundi mgeni akiingia hupelekwa kwake, naye humkalisha kwenye cherehani isiyo na uzi, ashone karatasi kwanza mpaka mkono unyooke. Hata mdogo wake, ambaye sasa ndiye msimamizi, alianzia kwenye karatasi hizo, tena analia.

Karibuni akaongezewa mwalimu mwenzake. Sasa kola zikawa zinatoka zimepinda. Bosi akaita kikao, akauliza wanaoziharibu wamefundishwa na nani. Mdogo mtu akasimama.

"Wako ishirini. Kumi na wawili ni wa dada, wanane ni wa yule mwalimu mpya."

Ikaonekana hesabu imekwisha. Pindo akavuliwa ualimu mbele za watu, mdogo wake anatazama viatu.

Jioni, nyumbani kwa mama yao, sufuria iko motoni, Pindo anaizungusha ile hesabu kichwani. Mara akamgeukia mdogo wake.

"Wewe, niliowafundisha mimi jumla ni wangapi?"

"Arobaini, dada."

"Na wa mwenzangu?"

"Kumi."

"Basi katika kila kumi wangu wanaharibu watatu. Katika kumi wake, wanane. Ulijua?"

"Nilijua. Bosi hakuuliza hivyo. Na yule mwalimu ni kaka wa mchumba wangu, ningemwaibisha vipi?"

"Ukaona afadhali uniaibishe mimi."

Mama akafunika sufuria. "Kikulacho ki nguoni mwako, na nyie nguo ndiyo kazi yenu." Akamnyooshea mdogo mtu mwiko. "Mpigie bosi wako hapa hapa, nikisikia. La sivyo hapaliwi kitu."

Akapiga. Akaeleza kwamba wa Pindo ni wengi kwa sababu karibu kiwanda kizima ni chake. Kila mwalimu apimwe kwa watu wake mwenyewe. Bosi akasema Pindo arudi darasani kesho, na yule mwalimu mpya aende akashone karatasi.

Pindo hakushangilia. Akapakua, akamtengea mdogo wake sahani kwa mikono miwili, kama mgeni.

"Karibu, msimamizi."

"Dada..."

"Karibu."

Mama akavuta kiti, nao wakavuta vyao, wote wakakaa kula.