Kufuli Juu ya Sauti ya Aloo

Adero wa Kisian alipotoa albamu yake ya pili, ni yeye aliyeshikilia kwamba sidii zifungwe zisiweze kunakiliwa. Nakala za ile ya kwanza zilikuwa zimemwagwa soko la Kibuye kama dagaa wa omena, naye hakupata chochote. Studio ikakubali. Katika wimbo mmoja, binti yake Aloo, ambaye hata shule alikuwa hajazoea, alimwitikia mamake kwa kasauti kenye mkwaruzo.

Wanunuzi walizirudisha, maana deki za magari zilizikataa, na studio ikazitupa pamoja na rekodi asili. Kabla ya mwaka kwisha, ugonjwa wa selimundu ukamchukua Aloo. Sauti yake ikabaki kwenye sidii moja tu, ile ya nyumbani.

Adero na mumewe Dalmas waliicheza miaka na miaka, mpaka ikaanza kurukaruka. Adero akaifunga kwa leso, akampelekea Wakhungu pale Kibuye, yule yule aliyenakili albamu ya kwanza.

"Hii nilijaribu kuinakili zamani nikashindwa, Mama," Wakhungu alisema. Akaitia kwenye kompyuta. Kilichotoka kilikuwa kama mahindi yanayoruka kikaangoni.

"Unaona, kufuli lenyewe ni makosa. Waliyatia kusudi ndani ya muziki. Deki inayaziba kwa kukisia, kompyuta inayachukua yalivyo. Lakini deki nayo ina kikomo. Mikwaruzo ikiongezeka juu ya makosa hayo, inazidiwa. Sidii ya kawaida, hata ikiwa imechakaa hivi, bado ingeimba."

"Na ile yangu ya kwanza?"

"Ile tuliyokuibia?" Wakhungu aliangalia pembeni. "Iko safi. Kila mtu anayo."

Wakhungu akaunganisha deki na kompyuta kwa waya, akarekodi wimbo ukiwa unacheza. Sauti ya Adero ilipita salama, lakini kila Aloo alipopaswa kuitikia, deki ilikwama, ikaruka. Zikabaki silabi chache zilizokatika. Wakhungu akatumia programu inayobuni sauti ya kuziba mapengo, kisha akamvisha Adero hedifoni.

Mtoto aliimba vizuri, sauti laini kama maziwa. Ule mkwaruzo wa Aloo haukuwepo.

"Huyu ni mtoto wa mtu mwingine," Adero alisema.

Wakhungu alichomoa flashi yenye wimbo huo, akamwekea kiganjani.

Nyumbani Dalmas hakungoja hata Adero avue viatu. Alichomeka flashi kwenye redio, akakaa mikono ikiwa magotini. Sauti ya mtoto ilipoitikia, machozi yakamtoka.

"Ni yeye, Mama Aloo. Ni yeye kabisa. Nilikuwa nimeanza kumsahau."

Adero alisimama mlangoni.

"Ndiyo," alisema. "Ni yeye."

"Rudisha nisikie tena."

Akamrudishia. Kisha akatoka, akaenda nyuma ya jikoni ambako Dalmas hangemwona, akaketi chini na kulia peke yake, huku ndani ya nyumba mtoto yule akiendelea kuimba.