Kompaila ya Lukole

Mwaka 2003 Speciose alikuwa na miaka ishirini na saba, na huo ulikuwa mwaka wake wa tatu katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, wilayani Ngara. Kwao Burundi alisomea kompyuta mpaka vita vilipomfukuza chuoni. Shirika moja lililowatafutia ndugu watoto waliopotezana na wazazi lilimpa kazi, naye akaliandikia programu ya kulinganisha majina ya watoto na ya wazazi na kuonyesha kila mmoja anapoishi. Aliiandika kwenye kompyuta ya Linux, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Ofisi ya Biharamulo ilitumia Windows, na huko programu haikufunguka.

Basi akahangaika miezi mitano kutengeneza zana za kuivusha. Alianza na kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mwandishi kuwa programu inayoendeshwa na kompyuta, ambayo inakaa kwenye Linux lakini inazalisha programu za Windows, kisha akakijenga upya kila kifurushi, yaani kila kipande kilichoandikwa na wengine, ambacho programu yake ilikitegemea. Jumamosi moja ya Julai kifurushi cha mwisho kilikubali. Kwa furaha akamsimulia Jean Paul, kijana mkimbizi mwenzake waliyeimba naye kwaya.

Kesho yake asubuhi, watu wakiwa misani, alikwenda ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti," alijibu Gaspari, mlinzi, Mhangaza mwenyeji wa Ngara, mwenye mvi. "Hata Jumapili huipumzishi hiyo mashine?" Akamwashia jenereta.

Speciose alinakili programu ya Windows kwenye diski, akaitia kwenye droo. Mara mlango ukapigwa teke. Jean Paul aliingia na wanaume wawili, mmoja ana bunduki, mwingine panga. Wakampiga Gaspari kichwani, wakamfunga kwenye kiti. Jean Paul akaweka mezani kompyuta mpakato. Speciose aliitambua: ya ofisi ya Biharamulo. Jumatano gari la shirika lilikuwa limevamiwa karibu na Nyakahura, dereva akauawa, na kompyuta hiyo ikaibwa.

"Orodha ya watoto imo humu, dada, lakini haisomeki bila programu yako," alisema Jean Paul. "Kuna watoto watatu wa kilima chetu kule Burundi. Nataka kujua wanalala wapi."

"Wamekukosea nini?"

"Waliona."

Hakusema waliona nini. Speciose alimtazama usoni, akaelewa kwamba anataka kuwaua wasije wakasema.

"Programu ya Windows haijakamilika," alisema.

"Jana uliniambia umemaliza!"

"Nilikosea. Ilifunguka mara moja ikafa. Lazima nianze upya."

Jean Paul alichukua bunduki ya mwenzake, akaubamiza mkono wa kulia wa Speciose kwa kitako. Vidole viwili vilivunjika, akavisikia. Alipiga yowe mpaka sauti ikakauka.

"Anza, basi."

Kwa mkono wa kushoto Speciose alizifuta zana zote za miezi mitano, pamoja na nakala ya programu iliyobaki kwenye mashine, kisha akaamuru kompaila ijengwe tangu mwanzo. Mistari ikaanza kupita kwenye kioo, mamia kwa mamia.

"Muda gani?"

"Saa tatu."

Misa ingekwisha baada ya saa mbili, na polisi walikuwa na desturi ya kupita hapo watu wakitawanyika. Aliomba mistari isikome. Diski ilikuwa kwenye droo ya kushoto, karibu na goti lake.

Saa moja ikapita. Mwenye panga akachoka kusubiri, akamkata Gaspari bega. Damu ikaruka mpaka ukutani.

"Harakisha!"

"Mashine haisikii panga!" Speciose alilia. "Mwacheni mzee!"

"Binti," Gaspari alisema kwa taabu, "fanya kazi yako."

Panga likashuka tena, safari hii shingoni. Speciose alifumba macho. Droo hakuigusa.

Punde jenereta likaishiwa mafuta. Kioo kikawa cheusi. Jean Paul alidhani ni hila, akaimiminia mashine risasi. Polisi waliokuwa barabarani wakasikia, wakaja mbio. Mwenye panga alikufa mlangoni, mwenzake akainua mikono juu. Jean Paul alipigwa risasi ya paja, akakokotwa nje akitukana.

Siku ya tisa baada ya msiba Speciose alikwenda kwa Domisiana, mjane wa Gaspari. Alimkuta akimenya ndizi uani.

"Mama, programu waliyoitaka ili wawapate watoto watatu wawaue ilikuwa tayari, kwenye droo. Ningewapa, huenda mzee angekuwa hai."

Kisu kikasimama. "Hao watoto wana miaka mingapi?"

"Mkubwa kumi na mmoja."

Domisiana aliweka kisu chini. "Nenda," akasema. "Leo siwezi kukutazama. Njoo mwezi ujao."

Watoto walihamishiwa mbali. Diski ikapelekwa Biharamulo, na programu ikafunguka. Lakini zana za kuirekebisha zilikuwa zimepotea, kwa hiyo Speciose alizijenga upya kwenye mashine nyingine, kifurushi kwa kifurushi, kwa mkono mmoja. Vile vidole viwili havikunyooka tena.

Mwezi uliofuata alirudi kwa Domisiana. Mama yule hakusema neno la msamaha. Alimpeleka kaburini, akainama kung'oa magugu, na Speciose akainama kando yake.