Rangi Aliyoisema Mwalimu

Mwalimu wa kemia, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Profesa Chaki kwa kuwa majaribio yote aliyafanyia ubaoni, siku hiyo roho ilikuwa juu. Mkaguzi alikuwa anakuja, na akipendezwa, Chaki angepewa ukuu wa idara. Dawa za maabara zilikwisha zamani, basi akajaza chupa zote maji ya bomba, akiamini wakubwa huchungulia mlangoni tu na kwenda zao kunywa chai.

Lakini mkaguzi huyu akaingia hadi meza ya nyuma, akainamia chupa ya msichana mmoja.

"Binti, unaona rangi gani?"

"Ya waridi, mheshimiwa."

"Mbona mimi naona maji?"

"Ni waridi. Mwalimu alishatuambia itageuka waridi."

Darasa zima likaitikia, "Waridi!"

Mkaguzi akamgeukia Chaki. "Haya, ndugu yangu, na wewe unaona nini?"

Chaki akaitazama chupa. Aliuona ukuu wa idara ukimpungia mkono wa kwaheri.

"Maji," akasema kwa sauti ya mgonjwa.

Papo hapo wanafunzi wote wakainamia madaftari yao, wakafuta "waridi", wakaandika "maji".